Simu Moja, Darasa na Baraza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (SW), ambaye katika Suratul Asr ameapa kwa wakati, ili tujue hasara ya mwenye kuuchezea.

Ndugu zangu katika imani, leo tuutazame wakati wa vijana wetu walioko vyuo vikuu. Vyuo vilipofungwa nchini Tanzania Machi 2020 kwa sababu ya korona, wazazi wengi ndipo waliposikia habari za kusoma kwa intaneti. Hata hivyo, kusoma ukiwa mbali na chuo si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Kilichobadilika ni kuwa sasa mhadhara na maktaba vimo ndani ya simu ile ile yenye WhatsApp, Instagram na TikTok.

Hapo ndipo penye mtihani. Mhadhara uliorekodiwa humsubiri mwanafunzi, lakini ujumbe wa rafiki humwita papo hapo. Kijana huahirisha somo hadi kesho, kesho ikawa wiki, na wiki ikamfikisha mlangoni mwa mtihani. Wengine hununua vifurushi vya usiku kwa kuwa bei yake ni nafuu, wakakesha mitandaoni, na Alfajiri ikawapita pamoja na kipindi cha asubuhi.

Mwaka 2010, watafiti Paul Kirschner na Aryn Karpinski walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa wanafunzi 219 wa chuo kikuu kimoja cha Marekani. Waliotumia Facebook walikuwa na wastani wa chini wa alama, na walijisomea saa chache kwa wiki kuliko wasioitumia. Hata hivyo, uchunguzi huo haukuthibitisha kuwa Facebook ndiyo iliyowashusha.

Kwa hiyo, mzazi asikimbilie kunyang'anya simu. Katika makundi ya WhatsApp wanafunzi hupeana ratiba, maelezo ya masomo na maswali ya mitihani iliyopita. Ukimnyang'anya simu, umemnyang'anya na darasa.

Tena tujihoji sisi wenyewe. Ni mara ngapi tumempigia kijana katikati ya kipindi, au kundi la familia limejaa picha za harusi saa anazosoma? Tukae naye, tukubaliane saa za masomo, naye azime milio ya mitandao kwa saa hizo. Swala tano zimekwisha kuigawa siku yetu; baada ya Alfajiri na baada ya Isha ni nyakati zinazofaa. Nasi tuziheshimu.

Mtume wetu (SAW), katika hadithi aliyoipokea Bukhari, ametutahadharisha kuwa wengi hupunjika katika neema mbili: afya na faragha. Vijana wetu wamejaaliwa zote mbili. Tuwasaidie wasizipoteze, kwani ada tunayoilipa kwa jasho hupatikana tena, lakini miaka yao ya chuo hairudi.

Wabillahi tawfiq.