Maneno Madogo ya Kiingereza

Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vijana wengi huvuka mpaka kwenda kununua bidhaa au kutafuta masomo. Hao, waliosomeshwa kwa Kifaransa, husoma kitabu cha Kiingereza bila taabu nyingi. Sababu yake yajulikana: baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika lugha ile. Ajuaye «tolérer» huitambua mara «tolerate». Lakini akifika Kampala, asikia watu wakisema «put up with», na maana ni ileile: kuvumilia. Akitafsiri neno kwa neno apata «weka juu na», yaani upuuzi mtupu.

Tusiwacheke wenye lugha hiyo. Sisi nasi twapiga pasi, twapiga simu, twapiga magoti, wala hakuna aliyeumizwa. Mtu mchoyo twamwita mkono wa birika. Mgeni atatuelewaje, asipofundishwa msemo mzima?

Basi, shida i katika maneno madogo yafuatayo kitenzi. «Look» ni kutazama. Lakini «look for» ni kutafuta, «look after» ni kutunza, na «look down on» ni kudharau. Mama akikuachia mtoto karibu na jiko na kukuambia «look after him», nawe ukadhani watumwa kumtafuta, utakwenda nje, na mtoto ataungua. Vilevile «put out» ni kuzima moto, na «put off» ni kuahirisha. Ole wake nyumba ambayo moto wake umeahirishwa!

Taabu hii si ya leo. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa London mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii huwatatiza sana wageni.

Tufanyeje? Tusikariri orodha ndefu. Tuchukue kitenzi kimoja kila juma, tukiandike daftarini pamoja na sentensi nzima, tena tukitamke kwa sauti. Tuangalie na mahali pa neno: husemwa «put out the fire», lakini «put it out», kamwe si «put out it». Katika barua ya kuomba kazi, «postpone» yafaa kuliko «put off». Sokoni ni kinyume.

Ninyi wanafunzi, msiyadharau maneno hayo kwa udogo wake. Ajuaye Kiingereza cha kitabuni tu atasoma tangazo ukutani, kisha atanyamaza mbele ya mwenye duka. Haba na haba hujaza kibaba.