Skwota: neno lililosafiri mbali kabla ya kufika Kwale

Wakazi wa Msambweni na Diani hawahitaji kamusi kulielewa neno skwota. Wengi wao huitwa hivyo katika mashamba walimozikwa babu zao.

Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa cha kale, esquatir, yaani kuponda au kugandamiza. Waingereza walikifanya squat, kuchuchumaa. Kufikia mwisho wa karne ya 18, Wamarekani walimwita squatter mtu aliyekalia ardhi bila hati; kana kwamba amechuchumaa tu, hajaketi. Ajabu ni Australia: katika karne ya 19 maskwota wa huko walitajirika kwa kufuga kondoo, jina likageuka kuwa la wakubwa.

Kenya haikupata bahati hiyo. Katika mashamba ya masetla, skwota alikuwa Mwafrika aliyeruhusiwa kulima kipande kwa kulipa kazi. Pwani mambo yalikuwa mengine. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi ajitokeze kudai. Isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Hivyo Mdigo ambaye hakudai akawa skwota pasipo kuhama hata hatua moja.

Ndiyo maana kumwandika “mvamizi”, kama baadhi ya magazeti yafanyavyo, si tafsiri sahihi. Mvamizi hutoka mahali pengine.