Njia ya Toledo inayopita Likasi

Urithi wa Kihispania ulio karibu zaidi na Likasi haukuletwa na meli ya mfalme wala na mmisionari kutoka Madrid. Uliletwa na Wayahudi wa Rhodes, kisiwa cha bahari ya Aegean. Walifika Katanga kwa gari la moshi wakafungua maduka ya vitambaa na bidhaa za nyumbani. Dukani walizungumza Kifaransa na Kiswahili. Wakifunga duka na kurudi nyumbani, walizungumza Kihispania chenye mizizi katika karne ya 15. Msafiri anayependa mambo ya Uhispania anaweza basi kuanza safari yake Haut-Katanga, ilimradi asitegemee kukuta kasri wala uwanja wa kupigana na ng'ombe.

Chanzo cha yote ni amri iliyotiwa sahihi Granada tarehe 31 Machi 1492. Mfalme Fernando na Malkia Isabel waliwapa Wayahudi wa nchi yao hadi mwisho wa Julai kuchagua kati ya ubatizo na kuondoka. Walioondoka ndio Wasefardi. Wengi walipokewa katika dola ya Waturuki wa Osmani chini ya Sultani Bayezid II, na Rhodes ilipotekwa na Waturuki hao mwishoni mwa 1522, familia nyingine zikahamia kisiwani. Huko zilikaa miaka mia nne bila kuiacha lugha yao. Waliimba kwa lugha hiyo harusini, wakagombeza watoto kwa lugha hiyo, wakaiandika kwa herufi za Kiebrania. Maneno ya Kituruki, Kigiriki na baadaye Kiitalia yaliingia, lakini mifupa ya lugha ilibaki ya Castilla.

Kuja kwao Katanga hakukuwa na fumbo. Rhodes ilikuwa ndogo, biashara yake ilikuwa inafifia, na mwaka 1912 ilipita mikononi mwa Waitalia. Upande huu wa dunia, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Kambove 1913. Kijana mmoja alitangulia, akapata kazi ya ukarani dukani, akaandika barua nyumbani. Akafuata mdogo wake, kisha binamu, kisha mchumba. Wengine walishukia Bulawayo na Salisbury wakabaki huko, ndiyo maana ukoo mmoja wa Rhodes unaweza kuwa na makaburi Zimbabwe na Kongo vilevile.

Likasi, zamani ikiitwa Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi aliyeongoza Société Générale ya Ubelgiji, ilikuwa mahali pazuri pa kujaribu bahati. Kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa njia ya umeme mwaka 1929, na mwaka uliofuata maporomoko ya Mwadingusha kwenye mto Lufira yakaanza kutoa umeme. Wafanyakazi wa migodi walikuwa na mshahara, na mwenye mshahara hutaka kitambaa cha mke wake, baiskeli, taa na sufuria. Kampuni kubwa zilihudumia Wazungu na makambi yao. Mfanyabiashara mdogo, awe Mgiriki au Msefardi, alijitafutia wateja miongoni mwa Wakongomani, na kwa hiyo alilazimika kujua Kiswahili vizuri kuliko maofisa wengi wa serikali. Jadotville ikawa mmoja wa miji ya Kongo yenye jamii yake ya Wayahudi, pamoja na Kolwezi, Luluabourg na Léopoldville, ingawa kichwa cha jamii hiyo kilibaki Elisabethville.

Kwa hiyo cha kutazama Likasi ni mji wenyewe wa biashara: mitaa ya katikati, maduka ya zamani yenye baraza pana za kumkinga mteja na jua na mvua, na mpaka ulio wazi bado kati ya mji wa Wazungu na makazi ya wafanyakazi upande wa Kikula na Panda. Hayo hutembelewa kwa miguu, asubuhi, kabla joto halijapanda. Watalii wachache wanaofika siku hizi huja kwa sababu ya filamu ya 2016 kuhusu askari wa Ireland waliozingirwa hapa Septemba 1961, hutazama kilichobaki cha vita hivyo na kuondoka. Wanaiacha historia ndefu zaidi, na kwa kweli yenye ladha zaidi, ya watu waliouza vitenge.

Ladha hiyo si ya mfano tu. Jiko la Rhodes lina vitu ambavyo msomaji wa Likasi angevitambua haraka: boyos, maandazi ya kuoka yenye spinachi na jibini; borekas zinazofanana kidogo na sambusa; pastelikos, vikopo vya unga vyenye nyama ya kusaga; na mayai yaliyopikwa usiku kucha juu ya moto mdogo mpaka maganda na ute wake vikawa vya rangi ya kahawia. Mayai hayo ni ya Sabato: dini inakataza kuwasha moto siku hiyo, basi chungu hutelekwa Ijumaa kabla jua halijatua.

Kutoka Likasi kwenda Lubumbashi ni kilomita zipatazo 120 kwa barabara kuu, na huko ndiko kuna jengo la kuonekana. Sinagogi ya Lubumbashi ilijengwa kati ya 1929 na 1930 kwa mchoro wa msanifu Raymond Cloquet, na bado imesimama katikati ya mji. Ni nyumba ya ibada wala si makumbusho, hivyo ruhusa huombwa kwanza, na mgeni hupaswa kuvaa kwa heshima na kufunika kichwa. Aliyeipa sinagogi hiyo sauti ni Rabi Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes aliyesomea chuo cha marabi cha kisiwa hicho. Alifika Elisabethville mwaka 1937, akabaki hadi 1991. Katika muda huo alipita chini ya Wabelgiji, kujitenga kwa Katanga kulikotangazwa Julai 1960, na utawala wa Mobutu. Wachache wa dini yoyote nchini wamekaa kazini muda wote huo katika mji mmoja.

Makaburi ya Wayahudi ya Lubumbashi yanastahili saa moja ya msafiri. Majina yenyewe ni darasa la historia: Benatar, Hasson, Soriano, Amato. Ni koo za Rhodes, nyingine zikiwa na asili ya Uhispania inayosikika mara jina linapotamkwa.

Jina la Soriano linampeleka msafiri mbali zaidi, upande wa mto Luapula. Huko Kasenga, Wagiriki walijenga biashara ya samaki iliyolisha makambi ya migodi, na Wasefardi nao walikuwamo katika biashara hiyo. Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes, aliishi Kashobwe na kuoa huko. Mwanawe, Moïse Katumbi, alizaliwa hapo mwaka 1964, akaja kuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015 na rais wa klabu ya TP Mazembe. Anayekwenda kutazama mpira katika uwanja wa klabu hiyo Kamalondo, uliofunguliwa 2011, anakutana bila kukusudia na tawi moja la mti ulioanza Uhispania.

Jamii yenyewe imepungua sana. Vurugu za miaka ya 1960 ziliwaondoa wengi. Hatua za Mobutu za Novemba 1973 za kutwaa biashara za wageni ziliwaondoa wengine. Uporaji wa 1991 ukamalizia. Walikwenda Brussels, Cape Town, Israeli. Hata hivyo kuja kwao Kongo kuliwaokoa. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia merikebuni Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Walionusurika walikuwa kama 150. Baadhi yao walikimbilia kwa ndugu zao waliokwisha kuwa na maduka Katanga. Mmoja ni Sami Modiano, ambaye baadaye alipata kujulikana Italia kwa kusimulia yaliyompata.

Yeyote anayefika Rhodes leo atazikuta alama za jamii hii katika mtaa wa zamani wa Wayahudi, ndani ya kuta za mji mkongwe. Sinagogi ya Kahal Shalom ni ya 1577, na sakafu yake imepambwa kwa kokoto nyeusi na nyeupe. Karibu nayo ni makumbusho ya Wayahudi ya kisiwa, na katika uwanja wa jirani kuna nguzo ya ukumbusho yenye maandishi ya lugha kadhaa, Kihispania cha Wayahudi kikiwa mojawapo.

Anayetaka Uhispania ya wafalme badala ya ile ya wafukuzwa ana njia nyingine katika ulimwengu wa Waswahili: Mombasa. Kati ya 1580 na 1640 taji la Ureno lilikuwa kichwani mwa wafalme wa Uhispania, na Felipe wa Pili ndiye aliyeamuru kujengwa kwa Fort Jesus mwaka 1593. Mchoro ni wa Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Maandishi juu ya lango bado yanasomeka, yakijisifu kwa kuitiisha pwani baada ya uasi wa Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa Goa kama Mkristo na kuwageukia Wareno mwaka 1631. Ngome ni makumbusho, na UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Ni jengo la kuvutia kuliko lolote lililotajwa hapa, lakini Kihispania hakikuwahi kuzungumzwa jikoni mwake.

Uhispania yenyewe inabaki na alama za waliofukuzwa. Toledo ina sinagogi mbili: ile iliyoitwa baadaye Santa María la Blanca, yenye safu za nguzo nyeupe na matao ya umbo la kiatu cha farasi, na ile ya El Tránsito iliyojengwa karne ya 14 na Samuel ha-Levi, mweka hazina wa mfalme, ambayo sasa ni makumbusho ya Wasefardi. Córdoba ina moja ndogo ya 1315. Mwaka 2015 bunge la Uhispania lilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa waliofukuzwa, wakitakiwa kuthibitisha ukoo wao na uhusiano na nchi. Muda wa kuomba ulifungwa mwanzoni mwa Oktoba 2019.