Moyo si Pampu Tu

Kila mwanafunzi wa Biolojia aweza kuchora moyo: vyumba vinne, vali, na mishale ya kuonyesha damu iendako. Mchoro huo humpatia alama mtihanini. Haumwelezi, hata hivyo, ni nini kinachozizuia seli za moyo kuachana, ilhali msuli huo hujikaza takriban mara laki moja kwa siku.

Jibu ni protini zilizo kwenye kingo za seli. Baadhi yazo, ziitwazo kadherini, hutokeza nje na kushikana na kadherini za seli jirani. Kazi hiyo huanza mapema mno. Mwaka wa 1997 watafiti walieleza habari za panya waliokosa kadherini ya aina ya N. Msuli wa moyo ulianza kuumbika, kisha seli zake zikatengana. Viinitete vikafa kufikia siku ya kumi.

Kwa binadamu, kisa kinachonivutia zaidi ni cha kisiwa cha Naxos, Ugiriki. Mwaka wa 1986 daktari Nikos Protonotarios na wenzake walieleza habari za familia ambazo baadhi ya watu wake walikuwa na ngozi nene kama sugu viganjani na nyayoni, pamoja na moyo wenye hitilafu. Nywele zao nazo zilisokotana kama sufu. (Kwetu Afrika, nywele peke yake zisingemshtua daktari!) Lakini sugu ya mguu yahusianaje na moyo? Mwaka wa 2000 kasoro ilionekana katika jeni ya plakoglobini, protini inayosaidia kuzishikiza seli za ngozi na za moyo vilevile. Anayeirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama huzaliwa na nywele hizo. Sugu huja aanzapo kutambaa na kutembea. Moyo huugua ujanani. Seli za msuli hufa, mahali pake pakajaa mafuta na kovu, na mapigo yakavurugika. Mazoezi makali huzidisha hatari.

Sidai kwamba kila kijana aangukaye uwanjani ana maradhi haya. Nasema tu kwamba tumezoea mno kumtafuta mchawi kabla ya kuuliza habari za moyo. Mwalimu wa michezo akiona mwanafunzi amezirai akikimbia, au akisikia kwamba nduguye alikufa ghafla angali kijana, asimrudishe mbioni kabla hajapimwa umeme wa moyo hospitalini.