Boti Yetu ya Kwanza na Unyevu Uliofichwa

Wakazi wa Kariobangi wamezoea kuona kila kitu kikichomelewa, kikigongwa na kupakwa rangi kando ya barabara, lakini boti hawajaizoea. Lori liliposhusha chombo chetu cha faiba, futi 19 kutoka omo hadi tezi, watoto wa mtaa walituuliza bahari iko wapi. Mama akawajibu kwamba bahari iko Lamu, na boti itaifuata.

Sisi ni ndugu watatu wa kike, na mama yetu ni mzaliwa wa kisiwa cha Pate. Huko, mgonjwa akizidiwa usiku, au mja mzito akishikwa na uchungu, njia ya kwenda hospitali ya Lamu ni maji. Mjomba wetu ni nahodha asiye na chombo chake. Tuliweka akiba kwa miaka 4 ili tusiguse mkopo wa riba, tukanunua boti kuukuu iliyokuwa ikitumika Naivasha. Rangi yake ilikuwa mpya, nasi tukaridhika na rangi.

Fundi tuliyemwita alianza kwa kuigonga kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri. Faiba nzima hutoa sauti kavu. Iliyoachana matabaka au iliyokunywa maji hutoa sauti butu. Alipofika kwenye tezi, pale injini inapofungwa, sauti ikafa. Akatoboa tundu dogo, na maji ya rangi ya kahawia yakatiririka. Katika boti nyingi za namna hii, ndani ya tezi mna ubao unaobeba uzito na msukumo wa injini. Maji yakipenya kwenye matundu ya skrubu, ubao huoza kimyakimya na nje pakabaki pa kupendeza.

Usiku ule tulishauriana kwa uchungu. Mmoja wetu akasema: tuzibe tundu, tupake rangi, tuiuze kama tulivyouziwa. Mama hakugomba. Alitukumbusha kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Kisha akasema: “Na atakayeipanda boti hiyo naye ni mwana wa mtu.” Mashauri yakaishia hapo.

Ubao wote uliooza ulikatwa, na tezi ikaachwa wazi wiki 3 ikauke. Baridi ya Julai ilituchelewesha, kwani resini hugandishwa kwa kuchanganywa na dawa yake, kiasi cha asilimia 1 hadi 2, na katika baridi ya chini ya nyuzi 15 haigandi vyema. Fundi alifanya kazi jua la mchana tu. Kingo za jeraha zilichongwa kwa mteremko mrefu ili kiraka kishike, kisha yakapangwa matabaka ya nyuzi za kioo, kila moja likikandamizwa kwa rola hewa itoke.

Kazi hii si ya kufanyiwa karibu na watoto wala mama mja mzito. Vumbi la faiba huwasha ngozi na kudhuru mapafu, na dawa ya kugandisha ikiruka jichoni yaweza kupofusha. Barakoa, miwani na glavu ni lazima, na dawa ifungiwe kabatini.

Kwa anayenunua chombo kwa mara ya kwanza, tunausia haya. Nenda na fundi kabla ya kulipa. Tikisa injini pale ilipofungwa, utazame kama tezi inacheza. Gonga kila mahali, hasa palipopakwa rangi karibuni. Na kabla ya kupakia abiria, chombo kikaguliwe na Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya, na kila abiria awe na jaketi lake la kujiokolea.

Matengenezo yamekaribia bei tuliyonunulia. Muuzaji tulimpigia simu, akasema aliiuza ilivyo; tumemwachia Mola. Kusi ikitulia, boti itateremka Lamu inshallah. Mjomba tumemweleza kila kilichooza na kila kilichotengenezwa, tukampa na kipande cha ule ubao mbovu akishike kwa mkono wake.