Baba na Malezi ya Mtoto Kariakoo

Kariakoo ya wazee wetu ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele. Uani palikuwa pa akina mama na mapishi yao. Barazani walikaa akina baba, kwa kahawa, kashata na bao, na hapo ndipo mtoto alipojifunza kutoa shikamoo, kunyamaza wakubwa wanapozungumza na kujibu anapoulizwa. Mzee yeyote aliweza kumkanya, na baba mzazi akashukuru.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi mtaani, kazi ya baba huanza siku mtoto anapozaliwa. Humwadhinia sikioni, kisha siku ya saba huchinja akika. Mtoto akikua kidogo, baba humpeleka chuoni kusoma Kurani, na Ijumaa humvisha kanzu na kofia wakaongozana hadi msikitini. Kwa Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam, ukoo ulifuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba naye alikuwa na sauti kubwa katika jando, unyago na posa. Mtoto hakukosa mwanamume wa kumwangalia.

Historia ya jiji inatupa mfano mzuri wa hilo. Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alifiwa na baba yake angali mdogo. Akalelewa na Affande Plantan, aliyekuwa askari pamoja na baba yake. Yatima huyo alikuja kuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha African Association mwaka 1929 na katibu wake. Wanawe Abdulwahid na Ally walikulia katika nyumba iliyozungumza mambo ya umma, na mwaka 1954 wote wawili walikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha siasa cha TANU. Abdulwahid aliwahi pia kuwa msimamizi wa soko la Kariakoo. Malezi ya mtu aliyejitwika mtoto wa mwenzake yalizaa matunda hadi kizazi cha pili.

Leo nyumba nyingi za baraza zimevunjwa, zikajengwa ghorofa za fremu na stoo. Familia zimehamia Mbagala, Gongo la Mboto na Tabata, lakini riziki imebaki Kariakoo. Baba huondoka alfajiri kuwahi mzigo na kurudi usiku baada ya kufunga hesabu. Watoto amewaacha wamelala, na anawakuta wamelala. Ada ameituma kwa simu, chakula kipo, naye anaamini amemaliza. Mtoto akifaulu ni wa baba, akiharibika anaambiwa mama ndiye aliyemdekeza. Hiyo si haki, na wala si mila yetu.

Sheria nayo haijamsahau baba. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya angalau siku 3 zenye malipo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wote wawili wajibu wa kumtunza na kumwongoza mtoto. Lakini machinga wa Mtaa wa Congo na mpagazi wa sokoni hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Muda huo ni lazima wautenge wenyewe.

Na unatengeka. Mpeleke mwanao dukani siku za likizo ya shule, binti kama mvulana, ajue shilingi inavyopatikana na mteja anavyosemeshwa. Kagua daftari lake kabla hujakagua la madeni. Mjue mwalimu wake kwa jina. Jumapili kaeni mle sahani moja, simu ikiwa mbali. Na kama kuna mtoto mtaani kwako aliyefiwa na baba au kutelekezwa, mwite, muulize habari za shule. Akina baba wa Kariakoo, biashara mtaifungua tena kesho, lakini utoto wa wana wenu haurudi. Waleeni sasa.