Je, Wajua? Pipa Lililochaguliwa kwa Pua

Je, wajua kwamba wiski ikitoka mtamboni haina rangi? Kwa macho ni maji matupu, kama gongo. Rangi ya asali huipata baadaye kwenye mbao za pipa. (Viwanda vingine huongeza tone la karameli, lakini hilo tuliache.)

Je, wajua kwamba mapipa mawili yaliyojazwa asubuhi moja kutoka mtambo mmoja, yakalazwa ubavu kwa ubavu ndani ya ghala moja, yakifunguliwa baada ya miaka 12 yaweza kutoa vinywaji viwili visivyofanana? Mbao za pipa hili zilitoka mti mmoja, za lile mti mwingine. Hili lilikuwa karibu na mlango, lile kwenye kona. Viwanda vikubwa huiogopa tofauti hiyo. Huchanganya mapipa mengi ili chupa ya leo ifanane na ya mwaka juzi, kama mpishi wa hoteli anayetaka pilau ya Jumatatu iwe ile ile ya Ijumaa. Klabu za wiski huitafuta tofauti hiyo kwa tochi. Huchagua pipa moja, likatiwa kwenye chupa peke yake, wanachama wakagawana, na likiisha limekwisha. Hakuna kuagiza tena.

Je, wajua kwamba mojawapo ya klabu maarufu zaidi za namna hiyo ilianza kama mchango wa marafiki? Mwishoni mwa miaka ya 1970, Phillip Hills wa Edinburgh, ambaye rafiki zake humwita Pip, alionja wiski iliyochotwa moja kwa moja kwenye pipa, akaona si kinywaji kile alichozoea kuuziwa dukani. Akawashawishi wenzake wachange fedha, akaliendesha gari lake kuukuu aina ya Lagonda hadi kiwanda cha Glenfarclas huko Speyside, akarudi na pipa. Ndivyo tunavyochanga ng'ombe wa sikukuu: kila mmoja na hela yake, kila mmoja na fungu lake. Shida ya mchango mtamu ni kwamba haufichiki. Marafiki nao walikuwa na marafiki, pipa la kwanza likaita la pili, na mwaka 1983 kikundi kikawa chama chenye jina: The Scotch Malt Whisky Society. Makao yake yakawa The Vaults, jengo la kale katika bandari ya Leith, ambalo maghala yake ya chini ya ardhi yalihifadhi divai ya Ufaransa zamani za meli za matanga.

Je, wajua kwamba chupa za chama hicho hazitaji kiwanda? Zina namba. Pipa la kwanza kabisa liliitwa 1.1: namba ya mwanzo ni ya kiwanda, inayofuata ni hesabu ya mapipa yaliyotoka huko. Wenye viwanda walikuwa radhi kuuza pipa, ila hawakutaka jina lao libandikwe kwenye wiski isiyofanana na ile wanayoitangaza wao. Siri yenyewe imeshavuja zamani. Namba 1 ni Glenfarclas, 3 ni Bowmore, 29 ni Laphroaig, 33 ni Ardbeg. Wanachama wamezikariri kama mashabiki wa mpira wanavyokariri namba za jezi. Hata hivyo, naona kikwazo kile cha biashara kiliwafaa. Mtu akinyimwa jina, ulimi hauna budi kufanya kazi yake. Wangapi wetu tumewahi kukisifia kitu kwa kuwa tuliiona lebo kwanza?

Je, wajua tundu la pipa liko wapi? Tumboni, si kichwani. Mtunza ghala hugonga mbao kwa nyundo, kila upande wa kizibo, mpaka kizibo kinachomoka chenyewe. Kisha huzamisha mrija mrefu wa shaba, huziba tundu la juu kwa kidole gumba, huunyanyua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kentucky, Marekani, mrija wa namna hiyo wanauita mwizi, na hawaoni haya.

Je, wajua kwamba pipa la wiski halina gundi wala msumari wa kushika mbao zake? Linabanwa na pete za chuma tu. Wazee wa Lamu walioshona mashua za mitepe kwa kamba wangeelewana haraka na fundi wa mapipa.

Na kwamba si kila mwaloni unafaa? Mwaloni mweupe wa Marekani una vinyweleo vilivyozibwa na mti wenyewe. Mwekundu vinyweleo vyake viko wazi, ukiutia kinywaji utakikuta sakafuni.

Je, wajua kwamba kiasi cha asilimia 2 ya wiski inayolala Scotland hupotea hewani kila mwaka? Wenyewe huliita fungu la malaika. Chukua kalamu: pipa la lita 200, asilimia 2 kwa mwaka, miaka 12. Zinabaki kama lita 157, yaani chupa 224 za sentilita 70, kabla hujahesabu kilichonywewa na mbao na kilichochotwa na waonjaji. Mwanachama akichelewa kuagiza, hupewa pole.

Kinachopungua si ujazo peke yake. Scotland kuna ubaridi na unyevu, kwa hiyo kilevi hutoroka zaidi kuliko maji, na nguvu hushuka mwaka hata mwaka. Wiski ambayo kwa kawaida hujazwa ikiwa na kilevi cha asilimia 63.5 ikishuka chini ya 40, sheria haiitambui tena kuwa wiski ya Scotland, hata kama imelala miaka 50. Anayechagua mapipa ya kizee huchungulia kipimo hicho kama daktari anayemwangalia mgonjwa wa presha. Kentucky mambo ni kinyume: ghorofa za juu za maghala huwaka joto wakati wa kiangazi, maji hutangulia kutoroka, na nguvu hupanda. Mapipa ya huko hujazwa kwa kilevi kisichozidi asilimia 62.5, ila likitoka na 65 hakuna anayeshangaa.

Je, wajua kwamba jopo la waonjaji la chama kile cha Leith haliambiwi limeletewa wiski ya kiwanda gani? Sampuli hunuswa kavu, huonjwa, kisha huzimuliwa kwa maji na kunuswa tena. Maji si udhaifu. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walitumia hesabu za kompyuta kuonyesha kwamba wiski ikizimuliwa, molekuli za guaiacol, zenye harufu ya moshi, hupanda kukaa juu, hapo hapo pua ilipo. Atakayekucheka kwa kutia maji kwenye wiski, mwambie wanasayansi wako upande wako.

Kazi kubwa ni ya pua, na kinywani wengi hawamezi. Aliyewahi kuwaona waonjaji wa chai wa Mombasa kabla ya mnada atalitambua tendo hilo: kijiko, mfyonzo wenye kelele, kisha pwaa, kwenye ndoo. Chai mia moja kabla ya chakula cha mchana haimezeki, na wiski ishirini hazimezeki kabisa, kwa yule anayetaka kukumbuka ya kwanza ilikuwaje.

Je, wajua kwamba mtoto wa Pemba angekuwa na kiti chake kwenye jopo hilo? Eugenol, kemikali inayofanya karafuu inukie karafuu, imo pia ndani ya mwaloni uliochomwa moto. Mwaloni huo huo una laktoni zenye harufu ya nazi, na ukiunguzwa hutoa vanila. Hamira nayo, ikifanya kazi yake kwenye uji wa shayiri, huacha harufu ya ndizi mbivu. Karafuu, nazi, vanila, ndizi. Waskoti hulazimika kuzisoma hizi kama msamiati wa kigeni. Sisi tumezaliwa nazo jikoni. Na kwa msomaji ambaye dini yake haimruhusu kutia kilevi mdomoni, sura hii ni ya kunusa tu.

Jopo likimaliza kunusa hutakiwa kuandika maelezo, na kila pipa hupewa jina la mzaha badala ya jina la kiwanda. Hapo, kwa maoni yangu, wanapitiliza. Ukisoma kitu kama tandiko la farasi lililonyeshewa nje ya duka la peremende, jua kwamba mwandishi ameacha kunusa na ameanza kutunga. Afadhali rangi zao: chama kimegawa ladha katika makundi 12, kila kundi na rangi yake, kuanzia nyepesi na changa hadi zile zilizojaa moshi. Asiyependa moshi hukwepa rangi, hasumbuki na ushairi.

Pipa likikataliwa? Halimwagwi. Linaweza kurudi kulala, au wiski yake ikahamishiwa pipa jingine imalizie huko miaka michache, kisha iletwe tena mbele ya pua zile zile.

Je, wajua kwamba bourbon, yaani wiski ya Kimarekani, ya pipa moja ilianza kuuzwa dukani kwa jina hilo mwaka 1984? Elmer T. Lee, wa kiwanda cha Frankfort, Kentucky, ambacho leo kinaitwa Buffalo Trace, alikumbuka kwamba mkuu wa zamani wa kiwanda, Albert Blanton, alikuwa na desturi ya kuwachagulia wageni wake mapipa kutoka Ghala H, ghala lililovikwa mabati. Mabati na jua, unajua mwenyewe. Lee aliipa wiski hiyo jina Blanton's. Vizibo vyake vina farasi na mpanda farasi, viko vya aina 8, kila kimoja na herufi yake, na wapo watu wazima wanaovikusanya.

Leo klabu ikifika Kentucky kuchagua, mara nyingi hukuta mapipa machache yameshaviringishwa na kupangwa mbele yao. Wanachama huonja, hubishana, hupiga kura. Nionavyo mimi, hapo ndipo makosa yanapofanyika. Ghala linanukia, mwenyeji ni mcheshi, saa ni nne asubuhi na watu hawajala. Lenye nguvu kuliko yote linashinda kwa kelele. Klabu makini huomba sampuli zitumwe nyumbani, zikaonjwe siku ya kawaida, baada ya ugali, bila kujua ipi ni ipi.

Je, wajua kwamba klabu ya Marekani kwa kawaida hainunui pipa kutoka kiwandani moja kwa moja? Tangu marufuku ya pombe ilipofutwa mwaka 1933, biashara imepangwa kwa ngazi tatu: mtengenezaji, msambazaji, muuzaji. Pipa la klabu hupitia duka lenye leseni, na chupa zake hubandikwa kibandiko cha klabu.

Je, wajua kuhusu hamira za Four Roses? Kiwanda hicho kina mchanganyiko wa nafaka wa aina 2, mmoja wenye mahindi asilimia 60, mwingine 75, na hamira za aina 5. Mbili mara tano, mapishi 10. Anayechagua pipa hapo huchagua kwanza pishi: hamira ya herufi V huleta matunda mepesi, K viungo, Q maua. Mama ntilie yeyote anajua kwamba hamira mbaya haifichwi na sukari. Hawa wamejenga kiwanda juu ya elimu hiyo.

Maker's Mark walikwenda mbali zaidi mwaka 2016. Badala ya kumpa mteja achague pipa, walimwacha alitengeneze: mbao 10 za kutumbukizwa ndani, zikichaguliwa kutoka aina 5. Njia za kuzipanga ni 1,001. Mwenye shaka azihesabu.

Je, wajua kwamba Jack Daniel's, wanaomuuzia mteja pipa zima akitaka, wako Lynchburg, Tennessee, kwenye kaunti ya Moore ambayo kwa sheria ni kaunti kavu, yaani inayozuia uuzaji wa pombe?

Je, wajua kwamba pipa la bourbon halitumiki mara mbili kwa bourbon? Sheria hutaka mwaloni mpya, uliounguzwa ndani. Wengine huuchoma kwa sekunde 55, hadi makaa yapasuke kama ngozi ya mamba. Likishatumika huuzwa, na mengi huvuka bahari kwenda Scotland, ambako mapipa yapatayo milioni 22 yanalala katika nchi yenye watu milioni 5 na ushei. Pipa lililochaguliwa na klabu ya Kentucky laweza kuchaguliwa tena na jopo la Leith, likiwa na kinywaji kingine tumboni.

Na lile linalobaki tupu je? Mbao huwa zimenywa lita kadhaa. Zamani Uingereza watu walijua la kufanya: walitia maji ya moto ndani ya pipa tupu, wakaliviringisha, wakaliacha siku kadhaa, wakapata kinywaji kisicholipiwa kodi. Mwaka 1898 serikali ikapiga marufuku.